Subira Hakujua Kifaransa

— Octave! Weye Octave! Miye huyu!

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua wa matete, pale shamba la muhogo la shule linapopakana na njia ya sokoni. Octave alisimama na jembe mkononi, jasho likampoa mgongoni. Sauti ile angeijua hata akizikwa. Na wenzake walikuwa wametapakaa shambani kote, migongo imeinama, masikio yamesimama.

— Octave, unasikia? Karibia kidogo. Iko neno kubwa.

Octave aliinamia jembe. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

Msimcheke bado, ngoja niwaeleze. Ilikuwa Kasongo, wakati Mbelgiji bado anatawala, kwenye shule ya mapadri ya kufundishia waalimu. Octave, mtoto wa wakulima, alikuwa mwaka wa mwisho. Ukimaliza pale unaitwa monitere, unapewa nyumba, na wazee waliokuwa wakikutuma maji wanakusogezea kiti. Lakini shule ilikuwa na sheria zake. Kengele ikilia unakimbia. Bugali unakula kwa uma, hata kama unakuponyoka unaruka mpaka sahani ya jirani. Na ukishavuka lango, unasema Kifaransa tu, darasani, bwenini, mezani, mpaka shambani kwenye muhogo.

Aliyekosea alipewa simboli. Ni kijiti tu, kipana kama kiberiti, kimetobolewa na kutiwa kamba. Unakificha mfukoni, unawavizia wenzako mpaka mmoja ateleze aseme Kiswahili au Kizimba, lugha ya kwao, unamtupia. Atakayelala nacho anachapwa. Na kwa mwaka wa mwisho, ukilala nacho mara ya tatu unafunga virago, unarudi kulima kwa baba yako.

Octave alikwisha kulala nacho mara mbili. Mara ya kwanza aliumwa na nge, akapiga kelele "Mama!" Eti angetakiwa aseme "Maman." Mara ya pili aliongea usingizini, na jirani yake wa kitandani, mtu asiye na huruma, akamwamsha apokee. Mnajua alikuwa akimwita nani katika ndoto ile? Huyuhuyu aliyesimama nyuma ya matete.

Ubaya wa simboli ni kwamba hujui nani anayo.

— Bonjour, Subira, Octave akasema chini chini.

Subira akacheka. Alikuwa amekuja mbio, kitambaa cha kichwani kimelegea.

— Bonjour ya nini? Sikia. Watu wa Kabambare wamefika kwetu, watu wa ule Ismaël mwenye duka la chumvi. Wamekuya kuniposa. Lakini baba anasema, kama kijana wako wa padri iko na kinywa, akuye mwenyewe, aikale pa mukeka yangu, aseme. Amekupa mpaka Jumamosi.

Akashika matete kwa mikono yote miwili.

— Baba amekubali kukusikia, Octave! Baba mwenyewe! Utakuya?

Hapo lazima mumjue Bulaimu, baba yake. Fundi wa kushona, Mwislamu wa kushika dini, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akisema binti yake hatavalishwa msalaba na mtu yeyote. Kumfikisha mtu kama huyo hadi aseme "akuye" haikuwa kazi ya siku moja. Subira alikuwa amelia, amesusa chakula, amepika vizuri, amelia tena.

Na jibu lilikuwa neno moja tu. *Nitakuya.* Lilikuwa tayari mdomoni mwa Octave.

Kwenye tuta la pili Jean-Marie, rafiki yake, akakohoa. Akajinyoosha mgongo. Akatia mkono mfukoni.

Octave alilimeza lile neno.

— Attends-moi, akasema. Samedi, je viens.

Yaani: ningoje, Jumamosi naja. Neno zuri kabisa. Ila Subira hakujua Kifaransa.

— Unasema nini?

— Attends-moi, Subira. Samedi.

— Octave. Miye hii. Sema na miye kama mutu.

Shambani mmoja akapaza sauti, kwa Kifaransa, kwamba binti wa watu haelewi, na wengine wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa vijana, walikuwa na njaa, na jua lilikuwa kali. Lakini Subira aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akamrudia Octave.

— Unaona haya na miye.

Octave akatikisa kichwa kwa nguvu, kwamba hapana, si haya, mpenzi wangu, si haya hata kidogo. Subira yeye aliona kichwa kinachokataa. Akaachia matete, akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka bila kukimbia.

Hapa ndipo ninapotamani kumkamata Octave shati. Ruka ua, mjinga wewe! Mfuate! Lakini yeye alijiambia moyoni: diploma iko karibu, bila diploma nitasimama mbele ya Bulaimu na nini? Jumamosi nitakwenda, atanielewa. Akaendelea kulima.

*

Bulaimu alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani.

— Amesema nini?

— Amesema Kifransa, baba.

— Miye nakuuliza, amesema nini?

— Sijui. Wenzake walicheka.

Cherehani ikanyamaza.

— Walikuchekea weye? Na yeye iko pale?

— Iko pale. Nikamwambia unaona haya na miye. Akatikisa kichwa tu.

Bulaimu aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. Alikuwa hampendi yule kijana, hilo linajulikana, lakini hakufurahi. Uso wa binti yake haukumpa nafasi ya kufurahi.

— Subira, mutu akikutaka, hawezi kukusemesha luga usiyojua. Hata mutu mwenye kutukana anatafuta luga utakayosikia.

— Waambie watu ya Ismaël nimekubali.

— Tulisema Jumamosi, mwanangu. Miye sigeuzi neno langu.

— Jumamosi ilikuwa ya Octave, baba. Octave amekwisha kujibu.

Ndoa ikafungwa Ijumaa, baada ya swala. Wali ulipikwa, samaki wakaletwa kutoka Nyangwe, wanawake wakaimba. Subira alikaa katikati ya wimbo huo wote akijisemea moyoni yale maneno ya Octave asiyojua maana yake, ili yasimpotee. Kwa nini, hata yeye hakujua.

*

Jumamosi wanafunzi walikuwa na ruhusa ya kutoka mpaka kengele ya jioni. Octave alipiga pasi kaptula yake ya kaki, akachana nywele njia katikati, akatoka na baba yake mdogo, mzee Zéphirin, aliyebeba jembe jipya begani. Kwa watu wao, anayekwenda kusema habari ya mke hatangulizi kinywa mikono mitupu. Njia nzima Octave alikuwa akijifundisha, kwa Kiswahili, kwa sauti, kama mtu aliyefunguliwa kamba mdomoni: "Baba, nimekuya miye mwenyewe. Baba, nimekuya kwa kinywa changu."

Walipofika, uani kulikuwa na wanawake wawili wanasugua masufuria makubwa. Ukoko wa wali ulikuwa umeshika chini. Kuku walikuwa wanadonoa punje.

— Hodi!

— Karibu, monitere, Bulaimu akasema. Alikuwa anakunja mikeka.

— Baba, yambo. Nimekuya miye mwenyewe. Huyu ni ndugu ya baba yangu. Nimekuya kwa kinywa changu kukuomba...

Bulaimu aliacha kukunja.

— Kumbe unajua Kiswahili, akasema.

Mzee Zéphirin ndiye aliyeyaona masufuria kwanza. Akashusha jembe polepole.

— Subira iko wapi, baba?

— Jana, kisha swala, nimemtoa. Leo asubuhi wamepanda kamyo ya pamba, yeye na bwana yake. Sasa labda wamekwisha kupita Wamaza.

— Lakini nilimwambia aningoje! Nilimwambia Jumamosi nitakuya! Baba, nilimwambia!

— Ulimwambia nani? Kwa luga gani?

Octave aligeuka, akatazama ndani ya nyumba. 

— Alikaa pale, Bulaimu akasema, akionyesha kizingiti kwa kidevu. Toka Jumatano mpaka Ijumaa aliikala pale, anaangalia njia. Amekwisha kusema ndiyo kwa Ismaël, na bado anaangalia njia. Ungetuma hata mutu. Hata kuku ungetuma, tungesema huyu ni kuku ya Octave. Mukeka ulikuwa huu.

Akamaliza kuukunja, akausimamisha ukutani.

— Basi, mwanangu, mzee Zéphirin akasema. Tuende.

Jembe likarudi begani.

*

Jioni ile, nyuma ya kanisa, Octave alimkuta Jean-Marie anafua mashati. Akamuuliza kwa Kiswahili, wazi wazi, bila kutazama pembeni.

— Jumatano, kule shambani, ulitia mukono mufukoni. Simboli ulikuwa nayo?

— Miye? Jean-Marie alishtuka, akatazama pande zote. Octave, sema Kifransa, watakusikia!

— Nakuuliza, ulikuwa nayo?

— Hapana! Nilikuwa natafuta leso, nina mafua. Simboli iko na Pierre. Na Pierre iko chumba cha wagonjwa na homa, toka Jumanne amelala kule. Hukujua?

Hakujua. Siku ile shambani hapakuwa na simboli. Angeweza kusema Kiswahili chote anachokijua, angeweza kuimba, na hakuna ambaye angemfanya kitu. Octave alikaa chini kwenye majani yenye povu la sabuni, akalia mbele ya rafiki yake. Jean-Marie alisimama na shati linalovuja maji, hajui alie naye au aendelee kufua.

*

Diploma aliipata. Alikuwa wa pili kwa Kifaransa. Akapewa shule ya Wamaza, akapata nyumba, na wazee wakamsogezea kiti kama ilivyoahidiwa. Padri akamtafutia na mchumba, Léocadie, binti aliyelelewa na masista, anayejua kutandika meza na kusema "s'il vous plaît," yaani tafadhali. Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Octave hakukataa. Alikuwa mtu wa kukubali, siku hizo.

Kiangazi kimoja alitumwa Kabambare kuchukua chaki za shule. Akapita sokoni. Nyuma ya gunia la chumvi alikuwa amekaa Subira, mtoto amelala mgongoni, kikombe cha kupimia mkononi.

— Yambo, mama, Octave akasema. Ndilo lililotoka.

— Yambo, mwalimu.

Subira akajaza kikombe, akakipangusa juu kwa kiganja. Kisha akasema, bila kuinua macho:

— Atamwa. Samudi, ze viye.

Octave alishika nguzo ya kibanda.

— Nilibeba maneno yako mpaka huku, kama vile unabeba mayai. Kamyo inaruka njiani, miye naogopa yasianguke. Kisha nikauliza mke wa karani, Marguerite. Wakati ule tumbo limekwisha kuonekana. Akaniambia maana yake. Nikamwambia, mama, rudilia. Akarudilia.

— Nilikuya, Subira. Jumamosi ile nilikuya, na jembe.

— Najua. Baba alinitumia neno.

— Niliogopa. Kule shuleni walikuwa na kijiti...

— Najua kijiti. Bwana ya Marguerite alisoma kule. Subira akainua macho, na macho hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo. Ungesema tu "ngoja", Octave. Neno moja. Ningekungoja mpaka leo. Ningekuwa kizee pale mulangoni, nakungoja.

— Subira! sauti ikaita kutoka dukani. Alikuwa Ismaël, mwanaume mpole, kalamu sikioni. Mwalimu anataka nini?

— Anataka chumvi!

— Mupimie vizuri!

Watu walikuwa wengi. Mwanamke wa jirani aliyeuza mawese alikwisha kugeuka kusikiliza. Octave aliinama juu ya gunia.

— Subira, miye mpaka leo niko na...

— Hapana, akamkata. Usiseme Kiswahili. Hapa watu wote wanasikia.

Akafunga chumvi ndani ya jani, akalikaza kamba.

— Sema Kifransa. Kama siku ile.

Basi Octave akasema. Alisema kwa Kifaransa safi, kile cha kupata namba mbili, maneno machache aliyokuwa ameyaficha tangu shambani kwenye muhogo, na alipomaliza machozi yalikuwa yanadondoka kwenye chumvi ya mtu. Mwenye mawese hakuelewa hata neno moja. Ismaël hakuelewa. Kijiti hakikuwepo. Lugha ile iliyomnyang'anya mke ikamsitiri vizuri, kwa kuchelewa.

Subira alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilisogea kidogo, inayashika maneno, kama ilivyofanya mara ya kwanza. Kisha akaifunga.

— Hii, akasema, sitamuuliza Marguerite.

Akampa chumvi yake, akamgeukia mteja mwingine.