Ncube wa Mgongoni

Barabara za Bulawayo zilipimwa na watu waliotaka gari la maksai ligeuke bila dereva kutukana. Maksai wamekwisha, upana umebaki, na anayevuka Barabara ya Lobengula kwa miguu huanza kijana akafika ng'ambo mzee. Katikati ya upana huo, watu wakitoka kazini, ndipo mnyororo wa baiskeli ya Sikhangele ulipochomoka.

Alikuwa amevaa sketi ya bluu ya mikunjo, aliyoishona mwenyewe, na viatu vyeupe visivyopenda grisi. Magari yakampigia honi. Kutoka kona ya mafundi baiskeli akatokea kijana mrefu, akaitupa baiskeli begani kama mwanakondoo, akatangulia kumfungulia njia. Sikhangele aliyemfuata aliona koti la kazi la kijani, na mgongoni, kwa uzi mwekundu, jina NCUBE.

"Asante, Ncube," alisema walipofika ukingoni.

"Usijali, dada. Ndiyo kazi yetu akina Ncube."

Laiti angefunga mdomo. Jina lake hasa ni Melusi Nyathi. Koti alilinunua mnadani kiwanda cha mablanketi kilipofungwa. Nusu ya wanaume wa mji huu huvaa makoti ya viwanda visivyopata kuwaajiri. Ncube mwenyewe, fundi hodari, alikuwa amerudi kijijini kufuga mbuzi. Wateja walipomwita Melusi kwa jina la mgongoni, aliitika, kwa sababu jina lile lilikuwa na sifa na lake lilikuwa bado. Asilolijua ni kwamba na Sikhangele ni Ncube, na kwetu Ncube, watu wa ukoo wa nyani, haoi Ncube, hata mmoja awe ametoka mashariki na mwingine magharibi. Ni ndugu, basi.

Tangu siku hiyo Sikhangele alipita jioni kwa jioni na baiskeli isiyo na ubovu wowote. Alimletea viwavi wa mti wa mopani waliokaangwa kwa nyanya, akamkemea kwa kutovaa kofia, na kila sentensi akaifunga kwa neno kaka. Melusi aliona ni haya za kike. Mama yake naye alimwambia kwamba msichana akulishaye na kukukaripia amekwisha hamia, bado mizigo tu.

Usiku mmoja Sikhangele alimpigia simu.

"Umekula, kaka?"

"Nimekula, mpenzi. Ila njaa yangu mimi si ya ugali."

"Maneno hayo kamwambie mtu baki."

"Mtu baki ndiye nani?"

"Yeyote asiye mimi." Akakata, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Wiki iliyofuata alimweleza kwamba Mthulisi Dube, yule mwenye gari la kusafirisha mizigo ya watu kutoka Johannesburg, anataka kumwoa na kumhamishia huko. Melusi alipandwa na hasira ya kizalendo. Alimhutubia juu ya mji uliokuwa kitovu cha reli zote, ulioivika nchi nzima nguo na kuilisha biskuti. Mji kama huo haukimbiwi kwa gari lenye tela. Sikhangele alimsikiliza akichezea kengele ya baiskeli.

"Jumamosi uje kwetu Luveve," alisema mwishowe. "Uvae suti. Shangazi anakutaka."

Melusi alisikia alichotaka kusikia. Jumamosi alifika na tai ya kuazima, viatu vikimeremeta. Shangazi MaNcube, mwanamke mpana mwenye kofia ya kanisani, alimkumbatia, akasema amekonda, akamkalisha benchi la wajomba na baba wadogo. Mapokezi yalimpendeza sana, mpaka shangazi alipomweleza kazi yake.

"Wazee wa Dube wako langoni. Wewe ndiwe kijana wetu, utawajibu. Waulize wanataka nini, kwa ukali kidogo. Anza na sifa za ukoo, wajue wamefika kwa nani."

Huko nje sauti mbili zilikuwa zikiita kwamba zinaomba undugu mwema, ndiyo posa yenyewe. Melusi alisimama; ndipo alipolielewa lile neno kaka. Jasho lilimshuka mpaka ndani ya soksi. Kama angeendelea kuwa Ncube, angemwoza Sikhangele kwa Dube kwa mdomo wake mwenyewe.

"Shangazi, sifa hizo sizijui."

"Ncube gani huyo?"

"Ncube wa koti. Mimi ni Nyathi." Akaeleza yote, mnada, uzi mwekundu na wateja. "Niliitikia jina la watu kwa sababu liliniletea riziki. Leo linaninyang'anya binti yenu. Silitaki tena."

Baba mdogo mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. Jikoni, alikokuwa Sikhangele, sahani ilianguka. Shangazi alimpima Melusi kutoka viatu hadi tai.

"Nyati kabisa. Na nyati anafanya nini kwenye benchi la nyani? Toka. Wanaokuja kuoa husimama langoni."

Melusi akaenda kusimama langoni, nyuma ya wazee wawili wenye makoti mazito katika jua kali.

"Wewe nani kakutuma?" aliuliza mmoja.

"Nimejituma."

"Hakuna anayejituma."

"Basi niazimeni mmoja, babu. Nyinyi mko wawili."

Kabla hawajamjibu, Sikhangele aliletwa nje, kitambaa kichwani, macho chini, kuulizwa lile swali ambalo kila binti wa kwetu huulizwa, na akisema anawajua amekubali.

"Watu hawa unawajua?"

"Hawa babu wawili wanisamehe," alisema. "Niliwaruhusu waje kwa sababu niliyempenda nilidhani ni kaka yangu. Siwajui." Kisha akainua macho, jambo ambalo si adabu. "Yule mrefu wa nyuma ndiye ninayemjua."

Wazee wakatazamana. Yule mfupi, ambaye Dube alimkodi kwa ufasaha wake tu, alipangusa uso, akafikiria safari ya kurudi mjini na harufu ya nyama iliyokuwa ikitoka jikoni. Akapiga hatua mbili, akasimama ubavuni pa Melusi, akakohoa.

"Enyi wa nyumba hii," akaita upya, kwa sauti nzuri kuliko ya kwanza, "sisi ni watu wa Nyathi."