Kifauongo cha Uani

Mbu wa Mwera hawangoji giza. Jua likianza tu kuegemea upande wa minazi, wanaingia ndani kama wenye nyumba. Kwa hiyo kila jioni, baada ya sala ya alasiri, Salme alifungua mlango wa nyuma akatoka uani kuchuma kivumbasi cha kufukiza. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake pekee. Alikuwa ndani ya eda, na mwanamke aliye edani hana pa kwenda zaidi ya ua wa nyumba.

Mumewe, Jumbe, alikuwa mkwezi wa minazi. Mguu wake wa kulia ulikuwa mbovu tangu alipoanguka ujanani, akitembea aliuburura. Siku aliyokufa alirudi kutoka shamba mchana, akasema anasikia baridi, akajilaza mkekani. Ilipoadhiniwa alasiri hakuamka. Wakamzika kabla jua halijazama. Waliobeba jeneza walisema baadaye kwamba lilikuwa likichuruzika maji njia nzima mpaka makaburini... Walisema mara moja tu, kisha wakanyamaza.

Salme hakulia.

Si kwamba alijikaza. Kilio chenyewe hakikuja. Wanawake walijaa chumbani wakamlilia wao, naye akawatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya mto. Tangu siku ile wali na maji vilikuwa na ladha moja mdomoni mwake. Asubuhi moja alishika sufuria ya uji bila kitambaa, akajua kuwa ni ya moto pale tu aliposikia harufu ya ngozi yake mwenyewe.

Aliishi na wifi yake, Mwanamkasi, dada mkubwa wa Jumbe. Mwanamkasi alimtunza. Alimpikia, alimtekea maji ya kuoga, alimtandikia kitanda. "Wewe kaa tu, wifi," alikuwa akimwambia. "Kazi zina watu wa kuzifanya." Naye Salme alikaa.

Ua wenyewe ulikuwa umeachwa ujiotee. Kando ya kisima yalisimama yale maua ya rangi ya waridi na meupe ambayo watu huyapanda hata juu ya makaburi. Kwenye ukuta, kivumbasi na mrehani. Mchunga ulichipua popote ulipopata nafasi, na kishonanguo kiling'ang'ania kila kanga iliyopita. Na katikati yote, kuanzia njia ya bondeni mpaka kwenye kizingiti cha mlango, kilikuwa kimetandaa kifauongo, na vijiua vyake vya duara vyenye rangi ya zambarau iliyopauka. Watoto wa jirani walipenda kuja kukichezea. Ukikigusa kinasinyaa, majani yanajikunja kama kimekufa. Ukiondoka, kinafufuka. Nani asiyekijua? Salme alikuwa amekikanyaga miaka yote ya ndoa yake bila kukitazama.

Jioni hiyo alikuwa ameinama kwenye kivumbasi, mkono umejaa, aliposikia sauti ndogo nyuma yake.

Fsss...

Kama mtu anayekunja karatasi laini.

Akageuka. Uani hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na paka, wala upepo. Lakini kule mwisho, karibu na njia ya bondeni, kifauongo kilikuwa kimesinyaa mahali pamoja, duara dogo. Kisha kikasinyaa mbele kidogo. Kisha mbele tena.

Kitu kilikuwa kinakuja.

Salme alisimama na majani yake mkononi. Alijua kwamba hapo ndipo angepaswa kupiga kelele. Aliingoja hofu ije. Haikuja. Alitazama tu jinsi majani yalivyojikunja hatua kwa hatua, yakaja mpaka karibu na kisima, yakakoma. Baada ya kitambo alama zikaanza kurudi zilikotoka. Nyuma ya alama hizo majani yaliyotangulia kufa yalianza kufumbuka, moja moja.

Akaingia ndani, akafukiza kivumbasi, akala wali usio na ladha. Hakumwambia mtu.

Kesho yake alitoka mapema, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi nje ya mlango. Kikaja tena. Safari hii aliangalia vizuri. Alama za kushoto zilikuwa duara zilizoachana. Za kulia hazikuwa duara. Zilikuwa mstari mmoja mrefu, usiokatika.

Mguu unaoburuzwa.

"Jumbe," alisema moyoni. Moyo haukuitika.

Basi ikawa kila jioni anamngoja. Alijifunza kwamba ana muda mfupi tu. Jua likishazama, kifauongo chote hulala chenyewe, ua mzima unasinyaa kwa pamoja. Hapo huwezi tena kujua yuko wapi. Anaweza kuwa bado kule njiani. Anaweza kuwa amesimama mbele yako.

Siku moja alikuja Kristina, mwanamke wa Kibondei aliyeuza mboga gulioni na ambaye Mwanamkasi alimruhusu kuchuma mchunga pale uani. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuongea huku mikono ikifanya kazi. Alikuwa katikati ya kueleza habari za bodaboda iliyomrushia matope, ghafla akanyamaza.

Fsss...

Kristina aliutazama ule mstari ukija. Kapu likamponyoka.

"Shoga," alinong'ona, "unaona?"

"Naona kila siku."

"Na umekaa?"

"Ni Jumbe," Salme alisema, kama anavyotajwa mtu aliyepita kwenda dukani.

Kristina alimvuta mpaka ukutani. "Nisikilize. Mzimu hauna uzito. Kifauongo hakiusinyalii mzimu. Hicho kinakanyagwa na mtu aliye hai."

Salme aliendelea kuutazama ule mstari.

"Kwetu Muheza wachawi walimchukua baba yangu mdogo, wakamfanya msukule wa kuwalimia. Tulimwosha, tukamzika. Kumbe tumezika mgomba! Wewe ulisikia jeneza linachuruzika maji, hukujiuliza? Mgomba hauishiwi maji."

"Huyo baba yako mdogo... alirudi?"

"Alirudi. Mama yake alikaa uani kama wewe hivi, akamwita jina lake huku anamlilia. Machozi ya kweli, si ya kelele. Msukule akisikia analiliwa, anakumbuka kwake ni wapi. Mpaka leo hasemi, lakini yupo. Anakula, analala."

"Na asipoliliwa?"

Kristina aliangalia chini. "Anazoea."

Aliokota kapu lake, mchunga nusu. Kabla hajaondoka alitazama mlango wa jikoni, akasogeza mdomo karibu na sikio la Salme.

"Ule mpunga wa wifi yako kule bondeni, hauna jani moja la gugu. Umewahi kumwona nani akiupalilia?"

Hakurudi tena kuchuma mchunga pale.

Salme alijaribu kulia. Alijaribu kama mtu anavyojaribu kukohoa kitu kilichokwama. Alitoa kanzu ya Jumbe sandukuni, akaiweka usoni. Ilinuka sabuni tu. Alikata vitunguu mpaka macho yakavimba, lakini yale yalikuwa maji ya vitunguu na alijua hivyo. Kaka yake Khatib alipompigia simu kutoka Pemba, alijaribu kumweleza.

"Wajionaje, Salme?"

"Sijioni, kaka."

"Ndiyo msiba ulivyo. Eda ikiisha nakuja kukuchukua. Utapumzika kwenu."

Alitaka kusema: nikiondoka, nani atamngoja? Lakini hata maneno hayo yalikuwa mazito, akayaacha. Akasema, "Haya."

Jioni ya siku ile ile alitoka akiwa ameamua kumwita. Jikoni Mwanamkasi alikuwa akitwanga. Du... du... du... Mchi ulipiga sawasawa, bila haraka. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya minazi.

Fsss.

Akaja. Akapita kisima. Salme alishuka kutoka kwenye kibao, akakaa chini kabisa, miguu kwenye miiba midogo ya kifauongo ambayo hakuisikia ikimchoma. Majani yalijikunja mpaka karibu na magoti yake. Hapo yakakoma. Akasikia harufu. Jasho, tope la bondeni, na ile harufu ya makuti mabichi iliyokuwa haitoki kwenye shingo ya mumewe hata akioga.

"Jumbe."

Du... du... du...

"Jumbe, ni mimi. Ni Salme."

Aliyafumba macho, akayakamua. Hakukuwa na kitu. Alifikiria siku ya harusi yao. Alifikiria mkeka na ile baridi aliyoisema. Alifikiria mikono yake ikipalilia mpunga, siku nenda siku rudi, bila mtu wa kumwambia pumzika. Yote aliyaona sawasawa, kama picha kwenye simu ya mtu mwingine.

"Nisamehe," akanong'ona. "Nakutaka. Machozi ndiyo sina."

Akafumbua macho. Ndipo alipoiona njia ya pili.

Ilikuwa ikija kutoka bondeni, nyuma ya ile ya kwanza. Nyayo ndogo, za haraka, pande zote mbili sawa. Na pembeni yake tundu jembamba, tundu jingine, tundu jingine... Mtu aliyeshika fimbo.

Kama mtu anayechunga mnyama wake.

Zilikuja moja kwa moja. Hazikukoma kisimani. Zilipita pale Jumbe aliposimama, zikamzunguka Salme, zikasimama nyuma yake. Pumzi yenye harufu ya tambuu ikamgusa shingo.

"Usimwite tena."

Ilikuwa sauti ya Mwanamkasi.

Du... du... du... Jikoni mchi haukukosa pigo hata moja.

Salme hakugeuka. Mbele yake majani yaliyokuwa karibu na magoti yake yalibaki yamekunjwa kwa muda, kama mtu anayesita. Kisha fimbo ikagonga ardhi, na ule mstari mrefu ukaanza kujichora upya kuelekea bondeni. Aliutazama mpaka jua lilipozama na ua mzima ukalala.

Mchi ukanyamaza. Mwanamkasi akatokea mlangoni, kifuani pake pumba za mpunga. "Ingia ndani, wifi. Umande huo."

Asubuhi Salme aliamshwa na jembe. Alipofungua mlango, ua ulikuwa mweupe. Kifauongo kimeng'olewa chote. Mrehani, maua ya kisimani, mchunga, vyote vilikuwa lundo moja linalofuka moshi. Mwanamkasi alikuwa akifagia mchanga taratibu.

"Shikamoo, wifi," alisema Salme.

"Marahaba. Miiba ilizidi," Mwanamkasi alisema bila kuinua uso. "Na wewe siku hizi hujali unapokanyaga."

Kuanzia hapo jioni zilikuwa mchanga mtupu. Salme aliendelea kukaa kwenye kibao. Labda Jumbe alikuja. Labda alisimama pale pale, karibu na magoti yake, akingoja. Mchanga ule mgumu, uliopigwa ufagio kila siku, haukusema lolote. Mbu waliingia ndani kwa raha zao, kwa kuwa hata kivumbasi hakikuwepo.

Eda ikaisha. Khatib akapiga simu kwamba ameshafika Tanga mjini, kesho yake atakuwa Mwera. Siku hiyo pia ndiyo mpunga mpya wa Mwanamkasi ulipopikwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanatoka kuswali adhuhuri. Mwanamkasi aliandaa mkeka, akaweka sinia, wali wa nazi unatoa moshi, na samaki wa kupaka pembeni.

"Kula, wifi. Kesho utakuwa safarini. Mwaka huu umekubali, mpunga huu."

Salme alinawa. Akamega tonge, akalitia mdomoni.

Likawa tamu.

Alishtuka. Alitafuna polepole. Ilikuwa tui, ilikuwa chumvi, ilikuwa utamu wa mchele mpya ambao alikuwa amekwisha kuusahau. Chini ya utamu huo, mbali kabisa, palikuwa na ladha ya jasho. Aliijua ladha hiyo. Alikuwa ameibusu miaka yote ya ndoa yake.

Kifua kikapanda. Kitu kilipasuka mahali ambapo alidhani pameshakauka, na tone la kwanza likaanguka juu ya sinia.

Mwanamkasi aliacha kutafuna.

"Wifi?"

Machozi yalikuja kama bomba lililong'olewa. Salme alishika sinia kwa mikono miwili na kulia, kilio cha chini, cha tumboni, kinachomtikisa mpaka mabega. Mwanamkasi aliinuka haraka kuliko umri wake. Akakimbilia mlango wa nyuma, akaufunga, akasukuma komeo, akauegemea kwa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Salme alimwona anatetemeka.

"Nyamaza," Mwanamkasi alinong'ona. "Nyamaza, nakuomba... Atasikia."

Salme alimtazama. Kisha akafumbua kinywa, akaliita jina la mumewe kwa sauti yake yote.

Kimya.

Nje palikuwa na jua kali na mchanga mtupu. Jirani mmoja akauliza kulikoni.

Mbao za mlango zikalia taratibu, kama mlango unaoegemewa kwa nje na mtu aliyechoka.