Kabari Chini ya Meza

Kila Jumamosi mchana, Auma alimpelekea baba yake, Nicanor, chakula kwenye yadi ya reli, karibu na Makupa. Hapo Nicanor na rafiki yake Charo waliunganisha na kufungua mabehewa ya mizigo. Walikuwa na desturi yao. Nicanor alisukuma kabari ya mbao chini ya gudumu ili behewa lisibingirike, kisha akaita, "Imeshika!" Charo alijibu, "Nimesikia!" ndipo akaingia kati ya mabehewa. Hakuinama kuangalia. Kwa miaka kumi na mmoja neno la Nicanor lilimtosha.

Jumamosi moja, akirudi nyumbani, Auma aliona kabari ambayo baba alikuwa ameiweka chini ya behewa kabla ya kula. Meza yake ya kusomea ilikuwa ikiyumba hadi mwandiko unapinda. "Kijibao tu hiki," akajiambia, akakichomoa na kukitia kikapuni. Jamani, mtoto huyu! Behewa halikutikisika, naye akaenda zake.

Jioni baba alirudi na damu kwenye shati. Behewa lilikuwa limebingirika likamponda Charo mguu. Madaktari waliukata chini ya goti.

"Haki ya Mungu, Mama Auma, niliiweka kabari kabla ya kula, na baada ya kula nikamwita," Nicanor alimwambia mkewe. "Lakini haikuonekana. Charo ameniambia, 'Uliniita nife.' Hataki kuniona tena." Akaegemea meza ya Auma, akalia. Meza haikuyumba.

Siku tatu Auma aliificha siri yake. Aliogopa kichapo, aliogopa polisi, na zaidi aliyaogopa macho ya Charo. Siku ya nne baba aliletewa barua ya kufukuzwa kazi. Auma akatambaa chini ya meza, akaitoa kabari.

"Baba, ni mimi niliyeichukua."

Nicanor aliitazama ile kabari, akainuka. Hakumpiga. Alimshika mkono wakaenda hospitalini.

"Shikamoo, mjomba Charo."

"Marahaba."

Auma aliiweka kabari kitandani. "Baba aliiweka. Mimi niliichomoa, nikaipeleka nyumbani. Nisamehe, mjomba."

Charo aliigeuzageuza ile kabari mikononi.

"Mguu hauoti tena, Auma," akasema. "Cha watu usikiguse, hata kama ni kijibao. Hujui kimezuia nini. Lakini ukweli umeuleta kwa miguu yako, nami nitawaambia wakubwa wa yadi."

Akamnyooshea Nicanor mkono.

"Nilikuwa nimepoteza mguu na rafiki. Sasa nimepoteza mguu tu."