Salamu za Primus kwa Mzee Eliufoo

Jumamosi ile soko la Mbuyuni lilifurika hata pa kukanyaga hapakuonekana. Mektrida alijipenyeza katikati ya vichanja vya nyanya, sketi yake ya kitenge ikimbana magoti, kamera ya video ya kukodi begani. Mzee Eliufoo, msimamizi wao kwenye kiwanda cha uchapaji, alikuwa anastaafu Ijumaa, na Mektrida ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya salamu za wafanyakazi kwenye kanda moja.

Mara akagongana na Primus, fundi mitambo, mpenzi wake wa mwaka mzima.

"Leo nimekukamata! Wiki nzima unanikimbia."

"Nikukimbie wewe, mpenzi? Naikimbia hiyo kamera."

"Sema basi, taa imeshawaka."

Primus akavuta kola ya shati lake jeupe, akakohoa. "Mzee Eliufoo, shikamoo. Unastaafu, ila usidhani umeniponyoka. Desemba nakuja kwako Masama na mbege. Nina ombi zito, nakusihi usinikatalie."

Mektrida alihisi kamera imekuwa nzito ghafla. Kijana akipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa mzee mwenye binti, Uchaggani nani huuliza anafuata nini? Na Mzee Eliufoo alikuwa na binti, Kindness, mwalimu, hajaolewa.

"Umesema nini?"

"Si umerekodi?" Primus akacheka, akapotelea kwenye watu.

Jioni simu ikalia.

"Mbona kimya, mpenzi?"

"Desemba una safari?"

"Ninayo. Nilitaka iwe siri kidogo."

"Haya. Kila la heri." Akakata, akaizima kabisa.

Siku zilizofuata hakujielewa. Mwanamume mwenye mchumba Masama humletea mwingine maparachichi kila Jumatatu? Humwita mpenzi bila hata kupepesa macho? Akiamua kumchukia, anajikuta anamtetea. Jumatano, fundi wa studio aliponakili kanda na kufika kwa Primus, Mektrida alisema, "Huyu mruke."

"Mbona kaongea vizuri?"

"Mruke, kaka."

Ijumaa, ukumbini Rau, Mektrida alikaa nyuma na gauni lake la zambarau. Salamu zikapita kwenye televisheni, Mzee Eliufoo akicheka na kufuta machozi. Kanda ikaisha.

"Primus mbona simwoni kwenye kanda?" mzee akauliza. "Mitambo nimemfundisha mimi."

Primus, aliyekaa mbele, akageuka, ameduwaa. "Nilirekodiwa, mzee."

"Nimemtoa mimi!" Mektrida alijisikia akisema. "Si anakuja kumposa Kindness?"

Primus akajishika kichwa.

"Kindness gani tena? Mimi baba yangu alishafariki. Nani atanipelekea posa Kibosho? Nilitaka kumwomba mzee awe mshenga wangu!"

"Kibosho kwa nani?"

"Kwa baba yako, Mektrida! Kwani una baba wangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mektrida hakucheka. Aliyarudia kichwani maneno ya sokoni, moja baada ya jingine. Yalikuwa yale yale, ila sasa yalisema jambo jingine kabisa. Aliona aibu, furaha na hasira, na hakujua aanze na ipi.

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Primus akamgeukia Mzee Eliufoo, kama anayeomba msaada.

Mzee Eliufoo akainuka taratibu. "Binti yangu, Kibosho niende, nisiende?"

"Uende, baba," alisema, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Ila kwanza umuulize huyu, imekuwaje mimi ndiye wa mwisho kujua kwamba naolewa."