Mtungi Usiokauka

Mtungi ule haukukauka. Mingine iliyofinyangwa siku ileile ilikuwa imeshapauka rafuni, tayari kuchomwa. Huo mmoja uling'aa majimaji kana kwamba umetoka mikononi sasa hivi.

Mfinyanzi alikuwa amepewa chumba na karakana katika nyumba ya wasanii, aishi humo na binti yake Kidoti, afanye kazi hadi siku ya maonyesho. Chini ya ngazi alikuta pipa lenye mfuniko, na ndani yake udongo mkavu ulioachwa na mtu asiyejulikana. Mfinyanzi hatupi udongo. Aliuloweka, akaukanda, akaufanya mtungi.

"Labda una mafua huo," alitania mfumaji, jirani yake wa chumba cha pili. "Upe dawa!"

Kidoti hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mama, kiu."

Akanywa kikombe, akanywa cha pili, na kadiri alivyokunywa ndivyo ngozi yake ilivyozidi kukakamaa, huku karakana ikijaa harufu ya mvua ilhali nje jua liliwaka, na ndani ya mtungi akisikika mtu akigugumia maji taratibu, kama mtoto asiyetaka kuachia kikombe.

Mfumaji hakutania tena. Alikimbia kumwita shangazi yake, mganga, akamsimulia yote njiani.

Mganga aliunusa mtungi, hakuugusa.

"Mwenye udongo umemwamsha," alinong'ona. "Ni jini, mwanangu, na anatafuta mwili. Mrudishe pipani, ufunike. Atakuita kwa sauti uipendayo. Usifunue!"

"Na mtoto wangu?"

"Fanya haraka. Udongo upatilize ungali maji."

Mfinyanzi alimwacha Kidoti mkekani, akaubeba mtungi hadi chini ya ngazi. Ulikuwa na joto, joto la mwili. Akaubonda kwa ngumi ndani ya pipa, akafunika, wakaukalia mfuniko wote watatu, yeye, mfumaji na mganga, na hapo ndipo sauti ilipoanza, ndogo, ya chini kabisa, ikiita Mama, Mama, nafungiwa wapi, Mama kuna giza, na mfinyanzi akauma kanga yake na kufumba macho na kuzidi kuukandamiza mfuniko mpaka sauti ikafifia, ikawa pumzi, ikawa si kitu.

"Ameondoka," mganga akasema.

Mlangoni mwa karakana alisimama Kidoti, midomo imelainika, anacheka.

"Mama, kiu imeisha."

"Jamani, Mungu mkubwa!" mfumaji akalia.

Mfinyanzi alipiga magoti, akamkumbatia. Tone la maji lilikuwa shavuni mwa mtoto. Akalifuta kwa kidole gumba.

Alama ya kidole ikabaki. Kishimo laini, chenye kila mstari wa ngozi yake, kama kwenye udongo mbichi.

Mama aligeuza shingo taratibu, akalitazama pipa. Lilikuwa kimya.

"Usifunue," mtoto akasema kwa upole.