Alama Zilizotoka Nje ya Mstari

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Rula alifuatana na shangazi yake kazini. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hata kitanda alikitandika kana kwamba mkaguzi yuko njiani.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa nyota kwenye kituo cha darubini za redio. Zilikuwa antena sitini mpya, kila moja kama bakuli kubwa kuliko nyumba, zikisikiliza anga badala ya kuitazama. Wiki hiyo zilisikiliza nyota iliyokufa, ambayo hutuma mapigo ya redio kwa mpangilio zaidi kuliko saa ya ukutani.

"Ikipita nyuma ya nyota mwenzake inayozungukana nayo, uvutano wa yule mwenzake unapaswa kuyachelewesha mapigo kidogo," shangazi alieleza. "Ndivyo kanuni inavyosema. Sisi tunaijaribu tuone kama inasema kweli. Kompyuta imeshasoma. Sasa nataka na jicho la mtu."

Rula akainamia karatasi na penseli yake, akaweka alama kwa kila pigo lililoonekana kwenye skrini. Alama zilikwenda sawasawa, kisha kumi zikatoka nje ya mstari. Akadhani mkono umemteleza. Aibu iliyoje! Akazifuta, akazirudisha mstarini, akakabidhi kazi safi.

Baada ya chakula cha mchana alimkuta shangazi ameshika tama mbele ya fundi wa antena.

"Kompyuta inasema mapigo yamechelewa, jicho linasema hayakuchelewa. Huenda antena zina kasoro, zinaleta ishara chafu na kila mmoja anasoma lake. Kesho tuzifungue, tuanze upya."

"Zote sitini? Dada, hiyo ni kazi ya miezi mitatu!" Fundi akajibwaga kitini. "Mgongo huu utaniomba talaka."

Rula akinyamaza, nani atajua? Lakini aliiona mikono ya fundi, imejaa sugu, na huruma ikamzidi nguvu.

"Shangazi, nimekosa. Antena hazina ubaya. Alama kumi nilizisogeza mimi, ili zipendeze."

Shangazi akaipeleka karatasi dirishani. Alama zilizofutwa bado zilionekana kwa mbali. Wakapima upya wote watatu, moja baada ya nyingine. Mapigo yalikuwa yamechelewa, kwa kiasi kilekile cha kompyuta, kama kanuni ilivyosema. Fundi akarusha kofia juu, akacheka mpaka machozi.

"Umeniudhi, sikufichi," shangazi alisema, akimshika Rula bega. "Lakini umesema kabla hatujaharibu kazi ya watu, na hilo nakushukuru. Siku nyingine andika unachokiona, hata kama hakipendezi. Mwanangu, zile alama kumi ulizozifuta ndizo tulizojengea antena sitini."