Kasuku wa Dawati la Sita

Shuleni kwetu siku ilianza kwa kengele na sala. Tulipanga mistari mbele ya ofisi ya Sista Mkuu, tukafanya ishara ya msalaba, tukasali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe, kisha tukakaguliwa kucha. Darasa la tano sala niliongoza mimi. Sikuhitaji kitabu. Litania nzima nilikuwa nayo kichwani, na katekisimu ukiniuliza swali la arobaini na mbili nilikujibu kabla hujafunga mdomo. Ndiyo maana wenzangu waliniita Kasuku. Nililipenda jina hilo mpaka nikalitembelea kwa madaha.

Sasa nikwambie mapema, usije ukanionea huruma bure: nilikuwa darasa la tano na sikujua kusoma. Namba nilizijua, hesabu nilizipiga vizuri kuliko wavulana wote wa dawati la nyuma. Lakini herufi zikishakaa pamoja zikawa neno, mimi na neno hilo hatukujuana.

Nilifikaje darasa la tano? Mama aliugua muda mrefu, nami nilikaa nyumbani karibu miaka miwili nikimuuguza. Alipofariki, Bibi alinichukua, akanipeleka kwa Sista Mkuu. Sista alinisimamisha mbele ya meza yake akaniambia nisali Kanuni ya Imani. Niliisali yote bila kukosea, kwa kuwa mama aliisali kila siku kitandani. Sista alitabasamu, akauliza umri wangu, akaandika: darasa la tatu. Hakunipa kitabu nisome hata mstari mmoja. Pale kwetu, mtoto anayejua sala huhesabiwa kwamba na mengine anayajua.

Na kipindi cha kusoma je? Hapo ndipo hesabu iliponibeba. Mwalimu wetu wa Kiswahili tulimwita Mkato, kwa sababu alitaka tupumue kila penye mkato. Utaratibu wake haukubadilika hata siku moja: kila mwanafunzi aya moja, kuanzia dawati lililo karibu na mlango kwenda nyuma, wanne wanne. Kengele ikilia, kesho tunaanzia pale tulipoishia. Basi kama jana tumeishia kwa mtoto wa pili wa dawati la nne, na mimi ni wa tatu dawati la sita, mbele yangu wamebaki wanane. Aya yangu ni ya tisa. Ninatoa watoro na wagonjwa, ninahesabu upya, nimemaliza.

Wakati wa mapumziko nilimwendea jirani yangu wa dawati. Yeye aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Nisomee ya tisa," nilimwambia, "nisikie unavyoiweka."

"Na wewe nifanyie zile hesabu za sehemu."

"Nipe daftari."

Redio alidhani napenda kujifunza kwa masikio, naye alipenda kujisikia akisoma. Mara mbili zilinitosha. Kipindi kikifika nilisimama, nikashika kitabu, nikayatembeza macho kushoto kwenda kulia, nikaimwaga aya yangu na mikato yake yote.

"Mnasikia?" Mwalimu Mkato aliwaambia wenzangu. "Huyo anapumua."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka miwili na zaidi, na mwisho wake hakuumia mwongo, aliumia Bibi.

Bibi alikuwa mfuaji wa parokia. Vitambaa vya altare na kanzu za watumishi wote wa Misa zilipita mikononi mwake. Alizifua, akazitia wanga, akazipiga pasi ya mkaa mpaka zikasimama zenyewe. Shingoni alikuwa na tezi kubwa kama ngumi. Mwanzoni alilificha kwa mtandio na kufanya mzaha kwamba ni akiba yake. Halafu likaanza kumkaba. Akilala chali alikoroma kama mtu anayezama, kwa hiyo alilala amekaa, ameegemea ukuta.

Hospitali walimwambia kuna daktari bingwa wa upasuaji anayekuja mara moja kwa mwaka, kwa wiki moja tu. Bibi aliingizwa kwenye orodha. Siku hiyo alirudi nyumbani na karatasi ameikunja mara nne, ameishika kama hostia ya komunyo.

"Msomi wangu," alisema, "hebu nisomee. Muuguzi alinisomea haraka haraka, watu walikuwa wengi."

Jirani yetu mshonaji alikuwa amekaa mlangoni anatia kifungo. Bibi alimgeukia. "Sikiliza mjukuu wangu anavyosoma. Kwa mwalimu wao hakuna wa kumfikia."

Nilifungua karatasi. Niliona 14. Niliona 1. Hizo nilizijua. Zaidi ya hapo palikuwa na mistari minne ya maneno, yamejazana.

"Uje tarehe kumi na nne," nilisema, "saa moja asubuhi." Mistari ilikuwa bado inaningoja, na mshonaji alikuwa amenikazia macho. "Uje na shuka mbili safi. Na sabuni. Na mtu wa kukusindikiza."

Ndivyo nilivyodhani karatasi za hospitali husema. Mshonaji akatikisa kichwa kwa kusifu, Bibi akaikunja karatasi, akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Ningeweza kuipeleka kwa Redio kesho yake. Nililiwaza jambo hilo, usinione ninavyojisema leo ukadhani sikuliwaza. Lakini aya ya kitabu ni mchezo, karatasi ya hospitali si mchezo. Redio angeuliza kwa nini sisomi mwenyewe, na Redio akijua jambo, shule nzima imejua. Niliona aibu. Nikaiacha karatasi sandukuni.

Shuka tulikuwa nayo moja nzima. Ya pili Bibi aliiazima kwa mshonaji.

Tarehe kumi na nne niliamka mapema kuliko siku zote, nikawasha moto, nikampikia Bibi uji mzito. Alisema hana hamu, roho inamdunda. Nilimbembeleza.

"Kunywa, Bibi. Utapata nguvu ya kukabili kisu."

"Haya, kwa ajili yako." Akanywa kikombe kizima. Nikamwongeza nusu, akanywa na hiyo.

Wodini muuguzi mwenye miwani alimpima Bibi, akamwandika, akamwambia avue hereni. Kisha akauliza, bila hata kuinua uso, "Mara ya mwisho umekula lini?"

"Asubuhi hii, mwanangu. Mjukuu wangu amenipikia uji."

Kalamu ikasimama. Muuguzi aliomba karatasi, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea kiziwi. "Uje tarehe kumi na nne, saa moja asubuhi. Usile wala usinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Ukila, hutapasuliwa, kwa sababu chakula kinaweza kupanda na kukuziba pumzi ukiwa usingizini. Nafasi ikipotea hairudishwi." Akaishusha. "Bibi, hii nani alikusomea?"

Bibi hakunitazama.

"Nilisomewa vizuri tu," alisema. "Mimi ndiye nimesahau. Uzee huu, mwanangu."

Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kuuliza, akarudi, akakaa kando ya Bibi. Orodha ilikuwa imejaa mpaka Ijumaa, na Jumamosi daktari anaondoka. Ajaribu mwaka ujao, Mungu akipenda.

Njiani Bibi alibeba furushi lake la shuka mbili na sabuni. Nilitaka kulipokea, akanikatalia. Alisema neno moja tu, "Tukaze mwendo, jua halijawa kali." Angenipiga ningeshukuru.

Kesho yake nilikwenda shule. Redio alinisomea aya ya nne, nikaishika mara ya kwanza tu. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikashika kitabu. Maneno yote yalikuwa ulimini yananingoja. Nikamwona Bibi anakunywa ile nusu kikombe.

"Mwalimu," nilisema, "sijui kusoma."

Darasa zima likacheka. Redio ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

"Kasuku leo ameamka na mzaha," alisema Mwalimu Mkato. "Soma, mama, muda unakwenda."

"Sijui, Mwalimu. Nilikuwa nahesabu."

Nilimweleza yote nimesimama pale pale: madawati, watoro, aya, Redio. Kicheko kikafa kidogo kidogo. Mwalimu alikuja, akafungua ukurasa mwingine, akaweka kidole chini ya neno moja. Nililitazama neno, neno likanitazama. Kisha Mwalimu akakifunga kitabu, akakaa kwenye ukingo wa dawati letu, na siku hiyo hakuna aliyesoma tena.

Ofisini kwa Sista Mkuu nilieleza mara ya pili, na safari hii nilisema na habari ya uji. Sista alivua miwani yake. Nilidhani ananitafutia adhabu.

"Umekosa," alisema, "na kosa lako limemwangukia mtu asiye na hatia. Sitakuficha hilo. Lakini wa kwanza kukosa ni mimi. Nilikusikia unasali, nikafunga daftari."

"Nami nilimsifu," Mwalimu Mkato alisema, akitazama sakafu. "Nilimsifu kila wiki."

Sista alikwenda hospitali mchana ule ule, na vazi lake la kitawa na msalaba wake mkubwa, tukamngoja nje, mimi na Bibi. Alitoka mikono mitupu. Orodha ni orodha. Hapo ndipo nilipomwambia Bibi kwamba zile shuka nilizitunga.

"Nilijua pale muuguzi aliposoma," Bibi alisema. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila mchana wenzangu wakienda kucheza, mimi nilikwenda kukaa na darasa la kwanza. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Watoto waliniita Shangazi, na mmoja asiye na meno ya mbele alipewa kazi ya kunishikia kidole: ba, be, bi. Redio hakusema nami wiki mbili, kwa kuwa nilimfanya aonekane mjinga. Kisha akaja akakaa kando yangu bila kuombwa, akasema hesabu za sehemu zimemshinda. Sikuwa mwepesi. Nilichokiweza kwa masikio kwa dakika mbili, kwa macho kilinichukua juma zima.

Na Bibi? Usitegemee nikupe habari njema, sina. Tezi limekua. Pasi ya mkaa haiinui tena, pumzi inamkatikia njiani. Vitambaa vya altare vimepewa mfuaji mwingine baada ya mimi kujaribu kumsaidia na kukiunguza kimoja. Daktari yule bingwa hajaandika kama mwaka huu atakuja. Sista ameandika barua tatu, na kila nikimuuliza anasema, "Bado."

Jumapili moja baada ya Misa, Bibi aliketi ameegemea ukuta wake, akaniambia nifungue sanduku.

"Ile karatasi," alisema. "Nisomee."

"Bibi, ile ya nini tena?"

"Nisomee."

Niliikunjua kwenye mwanga wa mlango. Niliweka kidole chini ya neno la kwanza kama nilivyofundishwa na yule asiye na meno. "U-je. Ta-re-he. Kumi na nne." Nilikwenda hivyo, nikikwama, nikirudi. Jasho lilinitoka. "U-si-le. Usile. Wa-la u-si-nywe. Usile wala usinywe cho-cho-te." Nilipangusa macho, nikaendelea mpaka mwisho.

Bibi alijisogeza ukutani, akavuta pumzi.

"Na shuka?" aliuliza. "Shuka zimeandikwa wapi?"

"Hazikuandikwa, Bibi."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema pumzi ilipomrudia. "Ungeniambia siku ile 'sijui', ningekasirika kidogo, nikampelekea Sista karatasi, yakaisha. 'Sijui' ni neno dogo. Linaumiza mara moja. Ulilificha, likakaa ndani likawa kubwa, likaja kutokea kwangu. Usilifiche tena, hata kama watacheka wote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Haya. Soma tena, tangu mwanzo. Mara ya kwanza umekwama sana."

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasoma tena.